Microserfs, The Bug au The Circle: riwaya ipi ya maisha ya waandishi wa programu uanze nayo?

Dogo mmoja wa ofisini kwetu alipata likizo ya wiki mbili akakata tiketi ya basi, Dar hadi Mwanza. Jioni ya kuamkia safari akaja mezani kwangu, begi tayari liko mgongoni. "Dada, niazime riwaya moja ya watu kama sisi. Moja tu, begi limejaa."

Watu kama sisi maana yake wanaoshinda mbele ya kompyuta wakiandika programu. Kiswahili bado hakijatulia kuhusu kazi hii. Vitabuni inaitwa kuandika msimbo. Ofisini kila mtu anasema kodi, na ukimwambia mama yako kwamba umekesha unaandika kodi atadhani umeajiriwa TRA. Lakini dogo alijua anachotaka, nami ninazo riwaya tatu za namna hiyo, zote za Kiingereza, zote zinatokea pwani ya magharibi ya Marekani: Microserfs ya Douglas Coupland, iliyotoka 1995, The Bug ya Ellen Ullman, ya 2003, na The Circle ya Dave Eggers, ya 2013. Nikazipanga mezani. Yeye alinyoosha mkono kwenye The Circle moja kwa moja, kwa sababu filamu yake ya 2017 aliiona, ile ya Emma Watson na Tom Hanks.

Nikamwambia asiwe na haraka. Ukizitazama kwa mbali ni kitu kimoja: vijana wenye akili, kampuni ya kompyuta, usingizi wa kuibia. Ukizisoma hazifanani hata kidogo, na ukianza na isiyokufaa utasema riwaya za wanakompyuta hazina ladha.

Microserfs: ukitaka wenzako

Jina lenyewe ni kejeli. Nusu yake ya kwanza imekatwa kutoka Microsoft, ya pili ni neno la Ulaya ya kale la mtwana aliyefungwa kwenye shamba la bwana wake. Sisi tuliokua tukisikia ubepari na ukabaila vikitajwa kwa pumzi moja hatuhitaji maelezo marefu. Kabaila ni Bill Gates, shamba ni makao makuu ya Redmond katika jimbo la Washington, na watwana ni vijana wa miaka ishirini na kitu wanaopanga nyumba moja, wanaokula hovyo, na wanaohesabu siku zilizobaki kabla hisa walizoahidiwa hazijawa zao.

Hadithi inaanza vuli ya 1993. Msimulizi, Daniel Underwood, kazi yake ni kusaka hitilafu katika programu, na usiku akikosa usingizi anaandika shajara kwenye kompyuta yake ndogo. Riwaya nzima ni shajara hiyo. Kurasa za mwanzo tu zinakupa kipimo cha utani wake. Mwenzao Michael amepokea barua pepe kutoka kwa Bill mwenyewe, inaponda kipande cha msimbo alichoandika. Michael anajifungia ofisini, hatoki, hali. Saa nane na nusu usiku Daniel na Todd wanaendesha gari hadi kwenye supamaketi inayokesha, wanazunguka kwenye rafu wakitafuta chakula bapa, chochote kitakachopenya chini ya mlango: vipande vya jibini vilivyofungwa kimojakimoja, biskuti nyembamba, vitu vya namna hiyo. Tangu hapo Michael hali tena kitu kisicho bapa. Nilipofika pale nilicheka peke yangu kwenye daladala, maana huku kwetu Michael angenenepa. Chapati zingepita chini ya mlango ule asubuhi na jioni.

Baadaye kundi karibu lote linaacha kazi na kuhamia Silicon Valley, bonde la kampuni za kompyuta kule California, kuanzisha kampuni yao changa. Bidhaa yao inaitwa Oop!, kitu kama matofali ya Lego yanayojengwa ndani ya kompyuta. Kinachowatoa Redmond si pesa peke yake. Wanataka kuwa "moja nukta sifuri", watu wa toleo la kwanza la kitu, badala ya kupiga rangi toleo la tano la kitu cha mtu mwingine. Hamu hiyo utaitambua ukikaa nusu saa na vijana wowote wa kampuni changa, iwe Kijitonyama ya Dar au Kilimani ya Nairobi.

Ila kilichonishika mimi si kampuni. Ni baba yake Daniel. Mzee ameitumikia IBM, kampuni ambayo kizazi chake kiliamini ukiingia umeingia maisha, na amepunguzwa kazi akiwa na miaka hamsini na kitu. Anakaa nyumbani, hajui ashike nini, na nyumba yake imejaa vijana wenye umri wa wanawe wanaoijenga ile dunia iliyomtema. Kuna pia kaka mtu, Jed, aliyefariki wakiwa wadogo, ambaye familia haijui imtaje vipi. Coupland hayashiki mambo haya kwa nguvu. Anayapitisha katikati ya mizaha kuhusu nafaka za kifungua kinywa, unageuza ukurasa, ndipo unagundua kwamba koo limekukaba.

Ubaya wake? Mzigo wa majina ya bidhaa. Vyakula vya supamaketi za Marekani, vipindi vya televisheni, vitu vya kuchezea vya miaka ya 1970. Kila mhusika anatambulishwa kwa mada saba ambazo angeziweza kwenye shindano la chemshabongo la runinga, na nusu ya mada hizo zitakupita. Kuna kurasa zilizojaa maneno yaliyotupwa tu bila mpangilio, kana kwamba kompyuta inaota. Mimi niliziruka bila aibu. Kompyuta zenyewe ni za zama zile: riwaya ilitoka mwaka uleule wa Windows 95, na wavuti haina nafasi kubwa ndani yake.

Coupland si mwandishi wa programu. Ni Mkanada, alikulia Vancouver, na habari alizipata kwa kwenda kukaa karibu na wafanyakazi wa Microsoft na kuwasikiliza. Sehemu ya kwanza ilitoka kama hadithi fupi katika jarida la Wired, Januari 1994. Utaona tofauti hiyo mara utakapofungua inayofuata.

The Bug: ukitaka kazi yenyewe

Ellen Ullman alianza kuandika programu mwishoni mwa miaka ya 1970 na akaila kazi hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuandika riwaya. Kila ukurasa unalisema hilo. Waingereza huita hitilafu ya programu mdudu, na riwaya hii ina mdudu mmoja tu. Mwaka ni 1984, mahali ni kampuni changa karibu na San Francisco, na kipanya cha kompyuta bado ni kitu kipya ambacho watu wanajifunza kukishika. Roberta Walton ana shahada ya uzamivu ya isimu, kazi ya chuo kikuu imemkosa, na sasa anajaribu programu za wengine. Siku moja skrini inaganda. Anaandika ripoti, hitilafu inapewa namba UI-1017, na inakabidhiwa kwa Ethan Levin aliyeandika sehemu ile. Ethan anatazama, haioni, anairudisha. Siku ya pili inatokea tena. Halafu inapotea. Halafu inajitokeza siku ambayo wageni wenye pesa wameketi kuonyeshwa bidhaa.

Wanaipa jina la yule mtu wa kuchekesha wafalme. Kwa Kiswahili cha jukwaani ningesema Chale. Na Chale anamla Ethan kidogokidogo.

Nikueleze kwa nini riwaya hii naiona ya kweli kuliko zile mbili. Miaka ya nyuma, kwenye kampuni niliyokuwa naifanyia kazi, mfumo wetu wa malipo ulikuwa unakataa baadhi ya wateja. Siyo wote. Malalamiko mengi yalitoka Kanda ya Ziwa, kwa hiyo kila mtu akasema ni mtandao. Tukapiga simu kwa watu wa mtandao, wakasema kwao kuko safi. Siku ya kwanza ikapita. Siku ya pili meneja akaacha kutusalimia. Mimi nikijaribu na jina langu malipo yanapita. Wenzangu wakijaribu, yanapita. Siku ya tatu usiku dogo, huyuhuyu wa safari ya Mwanza, tulikuwa naye kule akiwa mwanafunzi wa mafunzo kazini, akaingiza jina la ukoo wa baba yake. Mfumo ukagoma. Ni jina la Kisukuma, lina ng' ndani yake. Ile alama ndogo baada ya g ilikuwa inakata katikati amri inayotumwa kwenye hifadhidata, ghala la taarifa za wateja, na kila Ng'wa na kila Ng'o wa Mwanza, Shinyanga na Simiyu alikuwa anabaki nje ya mlango.

Baada ya kuipata ilikuwa jambo la dakika kumi. Lakini siku zile tatu, jinsi unavyoanza kumshuku mwenzako, jinsi unavyoanza kujishuku mwenyewe, jinsi unavyooga asubuhi huku kichwani unasoma mstari wa 212, hayo sijawahi kuyaona yameandikwa mahali pengine kama kwenye The Bug. Ullman anaweka hata vipande vya msimbo wa lugha ya C ndani ya riwaya, na vinafanya kazi ya hadithi. Usipovielewa hupotei, ukivielewa unaanza kusaka pamoja nao. Na kosa lenyewe, litakapojulikana, ni dogo hadi linaumiza.

Kuna jambo jingine ambalo wanawake wa fani hii watalisoma kwa jicho lao. Waandishi wa programu wanamtazama Roberta kama mtu wa chini kwa sababu anajaribu tu, haandiki. Yeye anaamua kujifunza kuandika. Sura zinazomwonyesha akianza kuisikia lugha ya mashine kwa masikio ya mtu wa isimu ni baadhi ya kurasa bora nilizowahi kusoma kuhusu kujifunza kitu chochote.

Lakini ni nzito. Ethan ni mtu anayejitenga, nyumbani mapenzi yanamvunjikia, kazini hana rafiki, na ndani ya riwaya kuna kujiua. Nalisema mapema kwa makusudi. Mtu anayepitia kipindi kigumu aiache kwanza, itamsubiri.

The Circle: ukitaka kampuni

Hii ndiyo nyepesi kusomeka kuliko zote, ingawa inakaribia kurasa 500. Mae Holland, miaka 24, anatolewa na rafiki yake Annie kwenye ajira ya kuchosha katika mji wao mdogo na kuingizwa kwenye kampuni kubwa kuliko zote duniani: majani yaliyokatwa vizuri, chakula cha bure, michezo, vyumba vya kulala ukichelewa, bima inayowafikia hadi wazazi wake. Siku ya kwanza Annie anamfanyia utani wa kumpeleka kwenye kijisehemu kibovu kinachofanana kabisa na meza yake ya zamani, na Mae anajikaza asilie. Ni utani, lakini Eggers amekuonyesha tayari kamba itakayomfunga: hofu ya kurudishwa alikotoka.

Angalia kwamba Mae haandiki programu. Anajibu wateja. Kila jibu linapewa alama na mteja, kati ya 100, na alama ikipungua anamwandikia tena kumuuliza sababu. Skrini za mezani zinaongezeka moja baada ya nyingine, kila moja na kazi yake. Kwa wasomaji wa huku hii ndiyo ajira inayojulikana zaidi: mtu wa dawati la simu anayesikia "tafadhali kadiria huduma" akilala ataisoma The Circle akitikisa kichwa.

Kichekesho chake bora ni cha mlo wa Ureno. Mfanyakazi mwenzake aliandaa mlo wa wapenzi wa Ureno, mfumo uliona Mae aliwahi kufika huko, jamaa akamwalika, Mae hakujibu. Jamaa anaumia kiasi cha kuitishwa kikao cha usuluhishi. Yeyote aliyewahi kuona tiki mbili za bluu kwenye kundi la kamati ya harusi akanyamaza, kisha akapigiwa simu na mwenyekiti, anaijua hali hiyo.

Ilitoka Oktoba 2013, miezi michache tu baada ya Edward Snowden kufichua upelelezi wa mitandaoni, na watu waliipokea kama onyo. Kauli mbiu za kampuni, kwamba siri ni uongo na faragha ni wizi, bado zinauma. Tangu hapo Kenya imetunga sheria ya ulinzi wa data 2019 na Tanzania ikafuata 2022, kwa hiyo baadhi ya mijadala ya riwaya sasa utaikuta hata kwenye fomu za idara ya utumishi.

Tatizo langu ni Mae mwenyewe. Anaelezwa jambo la kutisha, anakubali. Anaelezwa jingine, anakubali zaidi. Mabosi wanahutubia kurasa tano, yeye anapiga makofi, na anayempinga, mpenzi wake wa zamani Mercer, naye anahutubia. Baada ya nusu unajua inakokwenda. Na kwa riwaya ya kampuni ya kompyuta, kompyuta zenyewe humo ni kama uchawi: mtu anatoa wazo Jumatatu, Ijumaa limeenea dunia nzima, hakuna aliyekesha, hakuna kilichoganda. Ukitoka kwenye The Bug hilo litakuudhi.

Ukiziweka meza moja

Kwa habari ya bosi, tofauti ni kubwa. Bill wa Microserfs haonekani; ni barua pepe, ni gari lililoegeshwa, watu wanamwota. Mabosi wa The Circle ni watatu, wanatabasamu jukwaani, wanakukumbatia. Kwenye The Bug bosi ni dedilaini tu, na nadhani Ullman ndiye aliyepatia.

Kwa habari ya Kiingereza, The Circle inasomeka na yeyote aliyemaliza kidato cha nne vizuri. The Bug inataka utulivu. Microserfs ina sentensi fupifupi, inaweza kukudanganya kwamba ni rahisi, kumbe ugumu uko kwenye vitu inavyovitaja.

Uzee wa teknolojia usikutishe. The Bug ndiyo yenye kompyuta za kale zaidi, na ndiyo iliyochakaa kidogo zaidi, kwa sababu kusaka kosa hakujabadilika. The Circle ndiyo changa, nayo ndiyo imeanza kunuka ukale.

Na kuna mtu asiyeonekana katika yoyote kati ya hizo tatu: yule anayekaa mbali na makao makuu na kusafisha uchafu wa mitandao kwa ujira mdogo. Mei 2022 mchujaji wa zamani wa maudhui aliishtaki Meta, wenye Facebook, na mkandarasi wake katika mahakama ya Nairobi, kwa madai ya mazingira ya kazi. Riwaya ya watu hao naisubiri, na ningependa iandikwe na mtu aliyekaa kwenye viti vile.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyetoka chuo juzi, anayeishi na wenzake watatu kwenye chumba na sebule na wote wanafanya kazi sehemu moja: Microserfs, na uruke usichokielewa. Kwa kikundi cha kusoma kinachotaka kubishana: The Circle, kwa sababu nusu watamtetea Mae na usiku utakwisha. Kwa meneja asiyewahi kuandika mstari mmoja wa programu lakini anauliza kila asubuhi "itakamilika lini": The Bug, na nitamnunulia mwenyewe.

Dogo alisikiliza yote hayo akiwa amesimama. Akairudisha The Circle mezani. Akapima unene wa Microserfs kwa kidole, akaniuliza kama chapati zimo kweli, nikamwambia hapana, hizo nimeongeza mimi. Akachukua The Bug, akaisukumiza begini juu ya zawadi za bibi yake.

Kesho yake saa mbili usiku, basi lao likiwa limepita Singida, simu yangu ikalia ujumbe.

"Dada, huyu Chale wanampata ukurasa wa ngapi?"

Sikumjibu. Saa tano ukaingia mwingine: "Nzega. Taa ya ndani ya basi imezimwa. Nasoma kwa tochi ya simu, chaji asilimia nane."